Mgongo wa Mfarishi

Ukienda kumtazama mtoto mchanga katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ikiwa ni Kaloleni au Makadara, Pumwani au Umoja, mwenyeji wako atakupa kiti, atakuletea chai, kisha atakupakatisha mtoto akiwa amefunikwa nguo juu ya nguo. Wageni wote humtazama mtoto. Nakuomba, msomaji, uiache desturi hiyo kwa kitambo kidogo, uitazame nguo. Labda ni leso. Labda ni shali iliyofumwa kwa mkono, au blanketi la dukani. Lakini pengine utakuta ni mfarishi mdogo ulioshonwa nyumbani, uso wake viraka vya rangi mbalimbali, na mgongo wake kitambaa cha manyoya laini kama ya mwanakondoo. Ikiwa ni mfarishi, omba ruhusa uugeuze. Watu husifu uso. Mimi nataka kukueleza habari za nguo yote, na hasa habari za mgongo, maana hapo ndipo kazi ya mshonaji inapokwisha.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mjini utasikia nguo hii ikiitwa blanketi tu, lakini blanketi hufumwa kiwandani likawa kitu kimoja, na mfarishi hauko hivyo. Mfarishi una tabaka mbili au tatu: uso, ujazo wa pamba au usufi ukihitajika, na bitana ya mgongoni, na tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mapigo ya sindano yapitayo toka juu hata chini. Kazi ya kuzishika ndiyo kudarizi. Sisi tumezoea kulitumia neno hilo kwa kofia za Lamu na Unguja, ambazo mapambo yake hutobolewa na kushonwa tundu kwa tundu. Lakini mfarishi nao hudariziwa, na sanaa yenyewe ni ya kale mno. Katika jumba la makumbusho la London, British Museum, iko sanamu ndogo ya pembe ya ndovu ya mfalme mmoja wa Misri wa zamani za mwanzo kabisa za wafalme hao, umri wake wapata miaka 5,000, naye amevaa joho ambalo wataalamu huliona kuwa ni la nguo iliyodariziwa. Basi asikudanganye mtu kwamba kazi hii ilizuliwa na wanawake wa Kizungu walipokuwa wamekaa mbele ya moto wakingoja theluji iishe.

Tutazame uso wa mfarishi. Vile viraka, ukivichunguza kimoja kimoja, ni historia ya biashara ya nguo katika Afrika ya Mashariki. Kile kipande cheupe kisicho na maua ni mjukuu wa merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mabaharia wa Salem, mji ulio katika jimbo la Massachusetts, wakaleta Unguja nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi. Watu wakaipenda kwa uimara wake, wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka. Misafara ikaibeba hata bara, na kwa muda mrefu merikani ilikuwa kama fedha: ulinunulia chakula, ulilipia wapagazi, ulitolea hongo ya njia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu 1861 hata 1865, vilikatiza biashara hiyo. Nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi, lakini jina halikubadilika.

Na kile kiraka chenye maua na ukingo mweusi kimekatwa katika kanga iliyochakaa. Hapa iko habari ambayo kila mshonaji wa viraka angepaswa kuijua. Yasimuliwa kwamba zamani, katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vya kupigwa chapa, vile ambavyo Wareno waliviita kwa jina lililotupa sisi neno leso. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa jora moja, havijakatwa. Wanawake hao wakakata vitambaa sita, wakavishona vitatu kwa vitatu, wakapata nguo moja ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaiona akili hiyo, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa namna hiyo. Mmoja wa wafanyabiashara waliojulikana sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla bado yaonekana katika kanga hata leo. Basi kanga, ambayo twaiona kuwa ni nguo nzima kupita zote, asili yake ni viraka! Mwanamke wa Eastlands anapoikata kanga kuukuu vipande vipande na kuviunga tena, hafanyi jambo geni.

Nguo hizo zilifika Nairobi kwa reli, kama watu wenyewe walivyofika. Reli iliwasili mahali hapo mwaka 1899, palipokuwa bado ni bwawa la maji baridi na nyasi. Na upesi wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka katika barabara iliyoitwa Indian Bazaar, ambayo leo ni Biashara Street. Hata sasa mama anayejitayarisha kujifungua huenda huko kununua leso, shali na uzi.

Hapa sasa, msomaji, nataka utulie kidogo, maana tumefika penye uzito. Nguo zilikuwako, sindano zilikuwako, na mikono ya kushona ilikuwako. Kilichokosekana ni ruhusa ya mtoto mwenyewe kuwako.

Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kwa mikono yake tu. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuchukua kipande, na bila ya kipande hakuajiriwa wala hakutembea kwa amani. Mshahara wake ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mke, ilifikiriwa, yuko shambani katika eneo la kabila lake. Atalima, atalisha watoto, atamtunza mumewe akizeeka. Kwa njia hiyo mwajiri wa Nairobi alipata kazi ya mtu mzima kwa bei isiyolea mtu mzima, na shamba la mwanamke aliyekuwa mbali ndilo lililolipa baki. Walioyapanga mambo hayo hawakuona haya kuyaandika.

Majengo yakafuata fikira hiyo. Mtaa wa Kariokor, uliopata jina lake kwa kundi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa mabweni ya wanaume. Muthurwa ilikuwa makao ya watumishi wa reli. Katika mitaa mingi nafasi haikuhesabiwa kwa nyumba wala kwa jamaa, ila kwa vitanda: chumba hiki ni cha vitanda vitatu, kile cha vinne. Yafikiri maneno hayo, msomaji. Mjenzi alipochora ramani yake, alipima mahali pa kulala mwanamume, mahali pa sanduku lake, na mlango. Mtoto hakuwamo katika hesabu. Hata hivyo watoto walizaliwa, wakalazwa nyuma ya pazia la leso lililokigawa chumba, upande huu mume na mke, upande ule wapangaji wenzao.

Pumwani ilikuwa na hali yake ya pekee. Ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika, na humo watu waliruhusiwa kujijengea nyumba juu ya viwanja vya manispaa. Wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake, na wengi wao Waislamu, waliokuwa wamekwisha kukata shauri kwamba Nairobi ndiyo kwao. Walivaa kanga, walisema Kiswahili, na walilea watoto wao na wa wenzao. Kijiji cha Pangani, ambacho nacho kilikuwa na wenye nyumba wa namna hiyo, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kupokea waliohamishwa. Mwenye nyumba akawa mpangaji. Mtu akiondolewa hivyo, nyumba huiacha. Nguo huifunga bahasha akaibeba.

Na hapo Pumwani ndipo ilipoanzishwa, mwaka 1926, nyumba ya kujifungulia iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana Edward Grigg. Leo twaijua kwa jina la Pumwani Maternity, na sidhani kama iko hospitali nyingine katika Kenya iliyopokea watoto wengi kuliko hiyo. Tazama jinsi mambo yalivyogongana: mji uliokuwa na nyumba ya kuzalia haukuwa na mshahara wa kulea.

Mabadiliko yalikuja polepole. Katika miaka ya 1940 ulijengwa mtaa wa Kaloleni, nyumba za mawe za chini, zilizopangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na safari hii jamaa zilifikiriwa. Ukumbi wake ukawa mahali pa mikutano mikali ya siasa. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika, ikasema waziwazi kwamba mshahara wa kapera hauna budi kuachwa, na mahali pake uwekwe mshahara wa kumtosha mtu na mkewe na watoto. Hayo yalikuwa maneno makubwa. Lakini katika mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, majeshi yaliizunguka Nairobi kwa ile operesheni iliyoitwa Anvil, wakati wa Hali ya Hatari. Mitaa ya mashariki ilifungwa, nyumba zikapekuliwa moja moja, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa nje na kuchambuliwa. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa vizuizini, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa katika maeneo ya makabila yao, wamebeba walichoweza kubeba. Mkono mmoja wa Serikali uliandika kwamba mtoto ana haki ya kukaa mjini pamoja na baba yake, na mkono wa pili ukampandisha mtoto huyo katika lori. Katika vitu vyote ambavyo mama angeweza kuchukua siku ile, nguo ya mtoto ilikuwa ya lazima, maana Aprili ni mwezi wa mvua.

Nimekueleza hayo kwa urefu kwa sababu bila ya kuyajua hutafahamu thamani ya nguo iliyoshonewa mtoto huko Eastlands. Shali ya kununua hununuliwa siku moja. Nguo ya kushona kwa mkono yataka majuma. Na mtu hatumii majuma kumshonea mtoto nguo mahali ambapo hatazamii kukaa. Kila pigo la sindano lilikuwa ni kusema: sisi tupo, na huyu atakulia hapa.

Ni nani aliyewafundisha wanawake wa mitaa hiyo kushona kwa namna ya vitabu? Kwa sehemu walifundishana barazani. Kwa sehemu walifundishwa na makanisa. Na kwa sehemu kubwa walifundishwa na vyama vya wanawake, ambavyo chuo cha Jeanes School kilichokuwa Kabete kilivitayarishia walimu wa kazi za nyumbani, na ambavyo mwaka 1952 viliunganishwa kuwa Maendeleo ya Wanawake. Hapa mwanahistoria lazima aseme kweli pande zote mbili. Chama hicho kilianzishwa chini ya idara ya Serikali, kiliongozwa mwanzoni na wanawake wa Kizungu, na wakati wa Hali ya Hatari Serikali ilikitumia kuwavuta wanawake waache kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Waliokichukia walikuwa na sababu. Lakini waliokwenda kushona walirudi nyumbani na ujuzi ambao hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Na kabla ya Uhuru uongozi wenyewe uliingia mikononi mwa Waafrika, Phoebe Asiyo akiwa rais wa kwanza Mwafrika. Mimi naona kwamba mwanamke aliyejifunza pindo na darizi katika chama asichokiamini hakudanganyika. Alichukua alichokihitaji.

Matunda ya mafunzo hayo bado unayaona. Ingia sebule yoyote ya Jericho au Buru Buru iliyo ya watu wazima, utakuta vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa kulabu vimefunika viti, meza, hata redio. Vijana huvicheka. Wangejua ni saa ngapi za usiku zilizokaa ndani ya kitambaa kimoja, wasingecheka.

Baada ya Uhuru wa 1963 mitaa ya jamaa ilienea kuelekea mashariki. Kulikuwako tayari mitaa ya Ofafa na Mbotela, iliyopewa majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi wawili waliouawa katika miaka ya 1952 na 1953. Ikafuata Uhuru, kisha katika miaka ya 1970 Buru Buru, Umoja, na Dandora ambayo ilianzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Viwanda vya nguo navyo vikakua: Kicomi huko Kisumu, Rivatex huko Eldoret, na vingine vya Thika na Nairobi. Pamba ya mkulima wa Kenya ilifumwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, nguo kuukuu za Ulaya na Marekani zikaingia kwa marobota, viwanda vikaanguka kimoja baada ya kimoja, na maelfu ya wafanyakazi wakaenda nyumbani. Rivatex ilifungwa mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007 ili kuifufua. Gikomba, soko lililo karibu na Pumwani, likawa bahari ya mitumba. Mitumba hiyo imemfanyia mshonaji mambo mawili yasiyopatana. Imemwua fundi wa cherehani aliyekuwa akishona gauni jipya barazani. Na imempa mshonaji wa viraka hazina isiyokwisha, mashati ya pamba safi, mashuka ya maua, na mablanketi ya manyoya, vyote kwa bei ya kubembelezana.

Na hapo, kati ya marobota ya Gikomba, ndipo mshonaji wetu anapopata mgongo wa mfarishi wake.

Kitambaa hicho cha manyoya ni jamaa ya mahameli. Mahameli ya kale yalikuwa ya hariri: mfumaji aliongeza nyuzi za ziada zilizosimama juu ya kitambaa, akazikata ncha, zikawa kama nyasi fupi zilizofyekwa sawasawa. Katika pwani yetu yalikuwa nguo ya matajiri. Manyoya yakirefushwa kidogo zaidi, hupatikana kitambaa cha namna ninayoisema hapa. Lakini hiki cha siku hizi si cha hariri wala pamba. Mwaka 1941 wanasayansi wawili wa Kiingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakifanya kazi Manchester, walivumbua uzi wa poliesta, ambao hutengenezwa kwa mali ghafi ya mafuta ya petroli. Uzi huo ni mwepesi, haunywi maji mengi, hukauka upesi, nao waweza kufanywa mwembamba hata ukawa laini kuliko sufu. Hivyo ulaini uliokuwa wa sultani umefika kwenye kitanda cha mtoto wa mpangaji.

Lakini bibi zetu wa bara hawangeustaajabia ulaini huo. Kabla ya nguo za dukani mtoto wa Kikuyu alibebwa mgongoni katika ngoi, nayo zamani ilikuwa ngozi iliyolainishwa. Na jamaa nyingi za bara zilimlaza mtoto juu ya ngozi ya kondoo au mbuzi. Mtoto amezungukwa na viwanda vya dunia nzima, na bado tunachomtafutia ni manyoya ya mwanakondoo.

Sasa, kazi yenyewe ya kumaliza. Tuseme uso umekwisha kuungwa, upana wake inchi 36 na urefu inchi 40, na mishono yake imepigwa pasi upande wa nyuma. Fundi asiyezoea hufikiri kwamba kazi imekwisha. Ndiyo kwanza inaanza, maana kitambaa cha manyoya kina tabia tatu mbaya: huteleza, huvutika, na hutoa vumbi la manyoya kila kinapokatwa. Wengi wameharibu uso mzuri kwa mgongo uliokataa kutii.

Kwanza papasa manyoya kwa kiganja. Upande mmoja yatalala, upande wa pili yatasimama. Yaelekeze yalale toka kichwani kwenda miguuni, ili mkono wa mama umpapasapo mtoto upite bila ya kukwaruza. Kisha geuza kitambaa, chora mstari upande usio na manyoya, ukate toka huko huko, ukizidisha inchi 2 kila upande wa kipimo cha uso. Usikate sawasawa na uso kwa tamaa ya kuokoa kitambaa. Kikivutika utakosa pa kurudi. Wala usikipige pasi. Pamba hustahimili pasi ya makaa, lakini poliesta ikiguswa na moto hulegea, na manyoya hulala yasiamke tena, na mahali hapo hubaki paking'aa kama kovu.

Tandika bitana juu ya sakafu safi, manyoya juu. Utandaze uso wa viraka juu yake, mapambo yakitazama manyoya, yaani vizuri kwa vizuri. Ujazo wa pamba hauhitajiki sana kwa mfarishi wa Nairobi. Manyoya peke yake yatosha hata asubuhi za Julai, ambazo wakaao mji huo, ulio juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, wazijua. Anza katikati ukienda kandoni, ukilainisha kwa kiganja bila ya kuvuta. Piga pini kila upana wa vidole viwili. Ndiyo, ni pini nyingi; na ukimaliza, zihesabu, kwa kuwa zile zile lazima zitoke zote kabla mtoto hajailalia nguo hii. Asiyekuwa na pini za kutosha na apige bandi kwa uzi wa rangi nyingine.

Ushonapo kwa cherehani, weka manyoya chini, upande wa meno ya mashine, yapate kuvutwa kwa kadiri moja na uso. Na urefushe pigo la sindano, maana mapigo mafupi huzama ndani ya manyoya. Zunguka pande zote, ila uache mwanya wa inchi 6 kwenye upande mmoja. Punguza bitana iliyozidi, kata ncha za pembe nne, kisha tia mkono mwanyani uvute nguo yote ipinduke ndani nje. Katika kazi zote za sindano sijui dakika iliyo tamu kuliko hiyo, wakati manyoya yanapochomoza kidogo kidogo mwanyani kama mwanakondoo anayezaliwa. Sukuma pembe kwa ncha ya kijiti butu. Shona mwanya kwa mkono kwa mapigo ya kujificha. Mwisho, zunguka tena ukingo mzima kwa mshono mmoja, na udarizi mapigo machache katikati, ili uso na mgongo visiachane vitakapofuliwa.

Waganga wa leo huonya kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiachwe peke yake amelala chini ya nguo nzito zisizobanwa, zisije zikamfunika pua. Mfarishi basi ni wa kumlazia juu yake mchana huku akitazamwa, wa kumfunikia mgongoni mwa mama njiani, na baadaye, akiwa mkubwa, wa kulalia. Ufuliwe kwa maji ya vuguvugu, uanikwe kivulini.

Imebaki kazi moja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Shuleni twafundishwa kwamba historia husomwa katika hati. Hati za Nairobi ya zamani zimehifadhiwa. Humo utakuta idadi ya vitanda vya mtaa, kodi ya chumba, jina la mjumbe na la mhandisi. Hutakuta ni nani aliyeshona pazia lililokigawa chumba cha vitanda vitatu, wala nguo iliyomfunika mtoto siku ya lori. Wanawake hao hawakutia sahihi. Nguo zao ziliraruka zikawa matambara ya kufutia sakafu.

Basi usiukate uzi bado. Ugeuze mfarishi, utafute pembe ya chini ya mgongo, mahali ambapo kipande kidogo cha kitambaa cheupe cha pamba chaweza kushonewa juu ya manyoya. Juu ya kipande hicho, kwa uzi mwekundu au mweusi usiochuja, andika kwa sindano jina la mtoto, jina la aliyeshona, jina la mtaa, na mwaka. Herufi zisizidi nusu inchi. Zikipinda si neno.